Kwa nini Zeta Gundam hubadilika umbo

Kila ninapofundisha bawaba na mabawa yanayokunjwa, mwanafunzi mmoja huniuliza kwa nini Zeta Gundam, roboti kubwa ya hadithini yenye umbo la mtu, hubadilika umbo, nami hufurahi, kwa sababu swali hilo linastahili jibu la kihandisi. Mashine hiyo, yenye namba MSZ-006, ilionekana katika mfululizo wa katuni za Kijapani ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuanza kurushwa mwaka 1985. Katika hadithi, vita vya anga za juu vinapiganwa mwaka 0087 wa kalenda iitwayo Universal Century, na Zeta ni mashine ya majaribio ambayo rubani wake kijana, Kamille Bidan, alichangia usanifu wake.

Wengi hudhani kwamba kubadilika umbo ni pambo la kuvutia watoto. Mimi naona ni jibu la tatizo halisi, nalo ni kurudi duniani. Chombo kinachotoka kwenye mzingo wa kuizunguka dunia huingia angahewa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kikiibana hewa iliyo mbele yake hadi ipate joto la kuyeyusha chuma. Umbo la mtu halifai kabisa kwa safari hiyo, kwa kuwa mikono, miguu na kichwa vinavyochomoza hushambuliwa na joto kila kimoja peke yake. Ndipo Zeta hujikunja na kuwa chombo bapa kiitwacho Waverider. Jina hilo lina asili ya kweli: mwaka 1951 Terence Nonweiler alipendekeza umbo linalobebwa na wimbi la mshtuko ambalo chombo chenyewe hulizalisha, hewa iliyobanwa ikibaki chini ya tumbo lake. Ugumu wa umbo hilo ni kwamba kingo zake, ambazo sharti ziwe kali, ndizo zinazopata joto kubwa kuliko sehemu nyingine. Sisi wa Tanzania tuna sababu ya kulikumbuka, maana Zeta hushuka hivyo, ikiwa imebeba mashine nyingine mgongoni, katika sehemu ya hadithi inayoelekea kwenye ngome ya adui mlimani Kilimanjaro.

Kinachonitia shaka ni muda wa kubadilika umbo. Maelezo ya mashine hutaja nusu sekunde. Tuchukue kipande cha tani 1 kinachosogea mita 5, kikiongeza mwendo kwa robo sekunde na kuupunguza kwa robo iliyobaki: kitahitaji kani ya newtoni 80,000, sawa na kuinua tani 8 hapa duniani. Isitoshe, katika anga za juu hakuna pa kujiegemeza, hivyo kipande kikisogea upande mmoja, mwili wote husukumwa upande wa pili, na ni busara kwamba mabamba ya mgongoni hufunguka kushoto na kulia kwa pamoja.

Mezani kwangu nina mfano wa plastiki wa Zeta ambao bawaba zake za kiunoni zimelegea kwa kukunjwa mara nyingi. Ninapougeuza, miguu hurudi nyuma, kichwa huzama, mabamba huzunguka kuja chini, halafu ngao husukumwa mbele na kuwa pua. Ngao hiyo ndiyo kufuli: nikiichomoa, mabamba huachana papo hapo na kiuno kulegea.