Kujifunza funguzi za sataranji kwa kura: maana yake na jinsi inavyofanyika

Ufunguzi wa sataranji (au chesi, kama wengi tunavyoiita) ni zile hatua za mwanzo ambapo kila upande unatoa kete zake, unagombea katikati ya ubao na kumtafutia mfalme maficho. Nyingi zina majina: Sicilian, French, Caro-Kann. Kwa kawaida mchezaji huchagua mbili tatu, akazikariri na kung'ang'ania hizohizo. Kujifunza kwa kura ni kuiachia bahati ikuchagulie ufunguzi, kisha ukaushughulikia siku kadhaa, uupende usiupende.

Cha kupigia kura kipo tayari. Mwaka 1974 wachapishaji wa Šahovski Informator, Belgrade, walianza kutoa ensaiklopidia iliyogawa funguzi zote kwa herufi A hadi E, kila herufi na namba 00 hadi 99, yaani mafungu 500. Iambie simu ikutajie namba kati ya 000 na 499. Tarakimu ya kwanza ndiyo herufi (0 ni A, 1 ni B, na kuendelea), mbili zinazobaki ndiyo namba ya fungu.

Tuseme imetoka 101, yaani B01, Scandinavian. Mweupe anasogeza askari e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), mweusi anajibu d5 papo hapo. Askari wa mweupe anamla wa d5, malkia mweusi anamla huyo askari, naye anajikuta katikati ya ubao huku wenzake wote wamelala. Mweupe anatoa farasi c3: kete imeingia mchezoni na malkia ametishiwa, yote kwa hatua moja. Lazima akimbie, mara nyingi a5. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini makocha hukataza kumtoa malkia mapema. Lakini angalia tena: askari wa mweupe wa e4 hayupo, na mweusi hana kete iliyofungiwa. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, akiwa mweusi alimfunga Fabiano Caruana kwa ufunguzi huuhuu kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Tromsø, Norway, mwaka 2014, kwa hiyo si wa kudharauliwa.

Kura hii ina kasoro moja ambayo wengi hawaioni: mafungu hayalingani. Sicilian peke yake ina B20 hadi B99, mafungu 80, kwa hiyo itakuangukia mara kwa mara. Kwa upande mwingine, A00 ni kapu la vituko vyote. Humo kuna g4, hatua ya kwanza inayoonekana ya kichaa. Mweusi akijibu d5, mweupe anaweka askofu g2 na kuacha askari wa g4 aliwe na askofu wa mweusi. Kisha anasukuma c4. Mweusi akiingiwa na tamaa akamla na huyo kwa askari wake wa d5, njia inafunguka, askofu wa mweupe anateleza hadi b7 na ngome ya a8 haina pa kwenda. Ufunguzi wenyewe ni mbovu, sikushauri uuchezee mashindanoni, ila mtego huo ni vizuri uujue kabla hujategewa. Ukitaka kura ya haki zaidi, andika majina ya funguzi kwenye vikaratasi, jina moja karatasi moja, uokote.

Anayeanza kabisa asihangaike na haya. Ajue kwanza kutoa kete na kumlinda mfalme. Mwenye mashindano wiki ijayo naye akae na funguzi zake alizozizoea. Kura inamfaa yule ambaye michezo yake imeanza kufanana.

Wacheza drafti wa Marekani waliifanya kura kuwa kanuni. Mabingwa walikuwa wakitoka sare kupita kiasi, hivyo kuanzia mwaka 1934 hatua tatu za kwanza zikawa zinaokotwa, na kila kura inachezwa mara mbili, wachezaji wakibadilishana pande. Kwenye sataranji pia fanya hivyo: ucheze B01 ukiwa mweusi, halafu geuza ubao uwe wewe unayemfukuza malkia.