Kukata rufaa hakuzuii nyumba kupigwa mnada

Wengi Nairobi huamini kwamba maadamu kuna kesi au rufaa mahakamani, benki haiwezi kuuza nyumba ya mkopo. Imani hii ina chanzo chake: amri ya zuio ikitolewa, mnada husimama kweli. Kinachouzuia ni amri, si kesi.

Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Agizo la 42, kanuni ya 6, zinasema wazi: rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Anayeomba usimamishwe aonyeshe atapata hasara kubwa, awe hajachelewa, na atoe dhamana. Ombi lililokwisha kuamuliwa likirudishwa kwa maneno mapya hutupwa, na gharama humwangukia aliyelileta. Riba nayo hailali.

Soma amri yako mwenyewe: inazuia nini, hadi tarehe gani? Kisha hesabu notisi ulizopaswa kupewa: miezi 3 ya kulipa malimbikizo, siku 40 kabla ya kuuza, siku 45 za dalali. Notisi iliyorukwa, au isiyokufikia, ni hoja nzito kuliko maombi matano. Ipeleke mahakamani mapema; nyundo ya mnada ikishagonga, kwa kawaida hubaki kudai fidia tu.