Utengamao wa kumeza ni nini?

Utengamao ni neno lililotokana na kutengamaa: kitu kimeyumba, kikatulia, kikakaa sawa. Hospitalini ndilo jina la huduma ya kumrudishia mgonjwa uwezo alioupoteza. Baada ya kiharusi wengi wetu huwazia mkono na mguu tu. Mgonjwa akifika barazani na fimbo yake, tunashukuru kwamba sasa anatengamaa. Koo halimjii mtu akilini, maana hakuna anayekumbuka kufundishwa kumeza.

Utengamao wa kumeza ni mazoezi, mikao na maandalizi ya chakula yanayomwezesha aliyepata kiharusi kumeza tena bila chakula kupita njia ya hewa.

Weka kidole kwenye koromeo lako, kisha meza mate. Utalisikia linapanda na kushuka. Katika kupanda huko pumzi imesimama, njia ya hewa imefungwa, na tonge limeteleza kuelekea tumboni. Misuli zaidi ya 25 imefanya kazi kwa amri ya ubongo. Kiharusi kikigusa sehemu zinazotoa amri hiyo, amri huchelewa au hufika ikiwa dhaifu. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida hii siku za mwanzo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, wengine huchukua miezi.

Shangazi yangu aliuguzwa nyumbani, Mikindani. Alikuwa amelala chali, mto mmoja chini ya kichwa, nami nimeshika kikombe. Jirani akaniambia, "Mpe maji mwanangu, maji hayana mfupa." Nikampa. Hakukohoa, nikafurahi. Siku ya tatu akawa na homa na pumzi za harakaharaka: homa ya mapafu.

Kupaliwa sote tunakujua kwa kikohozi. Lakini kiharusi kinaweza kuua hisia za koo, maji yakaingia mapafuni kimyakimya. Ndiyo maana hutazamwa dalili nyingine pia: sauti kuwa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kubaki kwenye shavu lililolegea, mate kuchuruzika, mlo mmoja kuchukua saa nzima, homa zinazorudi.

Na maji, hayo yasiyo na mfupa, ndiyo magumu kuliko vingi. Hukimbia, yakafika kooni kabla mlango wa hewa haujafungwa. Kinywaji kizito hutembea polepole na kulipa koo nafasi, ila kikizidi uzito hubaki kooni. Kipimo chake ni rahisi: chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, ziba tundu kwa kidole, jaza uji, achia kwa sekunde 10. Maji yatakwisha yote. Uji uliobakiza kati ya mililita 4 na 8 una uzito kidogo tu. Uzito upi unamfaa mgonjwa ataamua aliyempima. Vyakula vya kuwa navyo makini zaidi ni vile vyenye majimaji na vipande pamoja, mfano mchuzi wa samaki wenye minofu, na vya chengachenga kama korosho.

Mgonjwa aketi wima, alishwe kwa kijiko cha chai, ameze kabla ya kijiko kingine, na asilazwe kwa angalau nusu saa baada ya kula. Wapo wanaosaidiwa na kuinamisha kidevu wanapomeza, na wapo wanaogeuza uso kuelekea upande uliolegea. Kinywa kisafishwe kila siku hata kama hali kitu, kwani mate yenye vijidudu nayo huteremka mapafuni.

Mazoezi yenyewe yanalenga nguvu na kurudia. Mgonjwa humeza kwa kukaza koo kana kwamba tonge ni kubwa, au hulizuia koromeo likiwa juu kwa sekunde mbili tatu. Lipo pia la kulala chali bila mto na kuinua kichwa mpaka aone vidole vya miguu, mabega yakiwa chini. Hilo huimarisha misuli inayovuta koromeo juu, ila halimfai mwenye maumivu ya shingo. Kwa kurudia, sehemu nzima za ubongo hujifunza kubeba kazi ya zilizoumia.

Wataalamu wa tiba ya usemi, ambao ndio wabobezi wa jambo hili, ni wachache nchini Tanzania. Kwa hiyo iwe hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, huku Mtwara na Lindi, muulize daktari au muuguzi kabla ya kijiko cha kwanza: "Amepimwa kumeza?" Kama hajaweza kumeza salama, atalishwa kwa mrija wa puani kwa muda.

Shangazi alianza na vijiko vitano vya uji, mimi nikihesabu. Baadaye ndizi ya kupondwa, kisha wali bokoboko. Chai ndiyo ilichelewa kuliko vyote, na kila asubuhi aliiulizia.