Soko la pamoja la Ulaya: maana yake, na mahali linapoishia

Soko la pamoja la Ulaya ni utaratibu unaoruhusu bidhaa, huduma, mitaji na watu kutoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwenda nyingine bila kuzuiwa mpakani. Lilianza rasmi tarehe 1 Januari 1993. Leo linahusu nchi zote 27 za Umoja, na Norwe, Iceland na Liechtenstein zinashiriki kwa mkataba wao. Uingereza ilitoka mwishoni mwa mwaka 2020.

Mara nyingi maelezo huishia hapo, halafu inaongezwa kwamba hilo ni soko la watu milioni 450. Mfanyabiashara akisikia hivyo huona nchi moja kubwa mbele yake. Afadhali ajue mapema kwamba kilichoondolewa ni kizuizi cha mpakani, si serikali iliyo nyuma ya mpaka huo.

Tuchukue kahawa iliyokaangwa Moshi na kushushwa bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Tanzania inanufaika na mpango wa Ulaya kwa nchi maskini zaidi, unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha, kwa hiyo kahawa hiyo haitozwi ushuru wa forodha. (Kenya haimo katika mpango huo, inatumia mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2024.) Taratibu za forodha zikikamilika Rotterdam, ndiyo basi. Mzigo unaweza kupelekwa Hamburg, Lyon au Milano bila kupitishwa forodha upya. Kwa mtu aliyewahi kuona malori yamepanga foleni siku kadhaa mpakani, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Sasa kahawa ileile inauzwa mtandaoni kwa mteja wa Hamburg. Ujerumani ina kodi ya kahawa, yuro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Uholanzi haina kodi hiyo. Muuzaji lazima ajitambulishe kwa mamlaka ya forodha ya Ujerumani na kuilipa. Lazima pia ajisajili kwenye LUCID, daftari la Ujerumani la watu wanaoingiza vifungashio sokoni, na achangie gharama za kukusanya na kuchakata taka za mifuko na maboksi yake. VAT kwa kawaida hutozwa kwa kiwango cha nchi ya mnunuzi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 17 Luxembourg na asilimia 27 Hungaria. Tangu Julai 2021 muuzaji wa mtandaoni anaweza kuwasilisha VAT ya nchi zote kupitia nchi moja, nafuu ya kweli kwa wafanyabiashara wadogo, ila viwango vyenyewe vimebaki vilevile. Na maandishi ya lazima kwenye pakiti ya chakula yanatakiwa kuwa katika lugha ambayo wanunuzi wa nchi husika wanaielewa. Lugha rasmi za Umoja ni 24.

Mpaka kati ya mambo ya wote na mambo ya kila nchi uliwekwa wazi na kesi ya mwaka 1979. Ujerumani ilizuia kuuzwa kwa Cassis de Dijon, kileo cha matunda kutoka Ufaransa, kwa sababu kilevi chake hakikufika asilimia 25 iliyotakiwa na sheria yake. Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi moja mwanachama iruhusiwe katika nyingine, isipokuwa nchi hiyo iwe na sababu nzito, kama kulinda afya au mlaji. Kanuni hiyo ilifungua milango mingi sana. Lakini iligusa bidhaa. Kodi, kwa mfano, bado haibadilishwi katika ngazi ya Umoja bila nchi zote kukubaliana.

Kwenye ajira tofauti ni kubwa zaidi. Uswidi haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Mishahara hupangwa kwa mikataba ya hali bora kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na karibu asilimia 90 ya wafanyakazi wamo ndani ya mikataba hiyo. Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilikataa kusaini mkataba wa aina hiyo. Tarehe 27 Oktoba 2023 chama cha wafanyakazi cha IF Metall kikawaita mafundi wa gereji zake kwenye mgomo. Wafanyakazi wa bandari wakagoma kushusha magari ya Tesla, wa posta wakagoma kupeleka vibao vya namba za magari mapya, na baadaye wenzao wa bandari za Denmark wakaunga mkono. Kampuni ilijitetea kwamba masharti yake ni mazuri kama ya mkataba au zaidi. Hoja hiyo haikumaliza mgogoro, kwa sababu chama kilidai saini yenyewe. Mgomo wa kuunga mkono wenzako ni halali kwa sheria za Uswidi.

Mambo kama hayo huitwa utamaduni, na mgeni hushauriwa ajifunze adabu za wenyeji. Ajifunze, ndiyo. Naamini hata hivyo kwamba kinachomkwamisha mfanyabiashara mara nyingi zaidi kimeandikwa mahali fulani. Maduka mengi ya Ujerumani hufungwa Jumapili kwa sababu katiba inailinda siku hiyo kuwa ya mapumziko. Polandi ilianza kubana biashara ya Jumapili kwa sheria mwaka 2018. Hata kulipa kuna mfumo nyuma yake: Mholanzi anayenunua mtandaoni amezoea iDEAL, Mpolandi BLIK, yote mifumo ya malipo ya kwao, na Wajerumani wengi hupenda kupokea mzigo kwanza ndipo walipe ankara. Duka la mtandaoni linalopokea kadi peke yake hupoteza wateja hatua ya mwisho kabisa, bei ikiwa nzuri na kahawa ikiwa nzuri.

Ulaya yenyewe inalijua tatizo hili. Aprili 2024 Enrico Letta, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, alitoa ripoti kuhusu soko la pamoja na kupendekeza mfumo wa 28: sheria moja ya biashara ambayo kampuni ingeweza kuichagua, ikiwa pembeni ya mifumo 27 ya nchi wanachama bila kuifuta.