Je, wajua kwa nini Kombe la FA la wanawake lilichelewa kwa miaka 99?

Kombe la FA, yaani chama cha soka cha England, la wanaume lilianza msimu wa 1871-72. La wanawake likaja msimu wa 1970-71. Ukiliona pengo hilo unaweza kudhani wanawake hawakuwa wakicheza, au walicheza na hakuna aliyekwenda kuwatazama. Wapi!

Tarehe 26 Desemba 1920, Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda mjini Preston, iliumana na St Helens pale Goodison Park, uwanja wa Everton. Waliingia watu wapatao 53,000, na maelfu wengine wakabaki nje. Mapato yalikwenda kwenye misaada. Haukupita mwaka. Tarehe 5 Desemba 1921, FA ilitangaza kwamba soka haliwafai wanawake, ikaviagiza vilabu vyake visiwape viwanja.

Ujanja ulikuwa hapo kwenye viwanja. Kumkataza mwanamke asiguse mpira FA isingeweza, kwa hiyo ilifunga geti. Ukicheza kwenye uwanja wa wazi, nani atakulipa kiingilio? Na bila kiingilio, nauli inatoka wapi? Kwa mechi za kirafiki mtu hujikongoja: timu ile ya Preston ilidumu hadi 1965. Mashindano ya mtoano ni habari nyingine. Leo hujui raundi ijayo utapangiwa nani wala utasafiri hadi wapi, na lazima pawe na chama cha kupanga ratiba, waamuzi wanaokubalika na uwanja wa fainali. Lilijaribiwa kombe moja mwaka 1922, Stoke Ladies wakalibeba, lakini chama kilicholiandaa hakikudumu.

Mambo yalibadilika Chama cha Soka la Wanawake, WFA, kilipoundwa mwaka 1969 na FA ikaliondoa katazo mwaka uliofuata. WFA haikusubiri. Timu 71 zilijiandikisha, na kombe likapewa jina la watengenezaji wa mipira, Mitre.

Fainali ilipigwa 9 Mei 1971 pale Crystal Palace, London. Southampton waliwafunga Stewarton Thistle 4-1, na Pat Davies peke yake alitia mabao matatu. Stewarton ni mji wa Scotland! Mlango ulikuwa wazi kwa timu za huko pia, na kwao hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka huohuo vyama vya Ulaya vilipopiga kura kuhusu kulitambua soka la wanawake, Scotland pekee ndiyo iliyokataa, na katazo lake likabaki hadi 1974. Yaani Thistle walifika fainali ya London wakati chama cha soka cha nchi yao hakitaki hata kuwasikia.

Southampton walilichukua kombe hilo mara nane kati ya 1971 na 1981. FA yenyewe ililipokea mikononi mwake mwaka 1993, na fainali ikahamia Wembley mwaka 2015, Chelsea walipowafunga Notts County 1-0.

Na ule umati wa Goodison? Fainali ya 2022 ilikuwa na watazamaji 49,094, bado haijaufikia. Mwaka uliofuata, Chelsea na Manchester United waliwaita watu 77,390.