Toksokara: minyoo ya mbwa na paka inapoingia kwa binadamu

Toksokara ni minyoo ya mviringo, myeupe na mirefu, inayoishi kwenye utumbo mwembamba wa mbwa na paka. Ya mbwa kitaalamu ni Toxocara canis, ya paka ni Toxocara cati. Mtoto wa mbwa akiitapika, mtu anaweza kudhani ni mchango ule ule unaowasumbua watoto wetu, na kweli ni jamii moja. Tofauti ni kwamba mchango umezoea mwili wa binadamu: unaingia, unakomaa utumboni, unataga. Toksokara haikujaliwa hivyo. Ikiingia kwa mtu haikui, haitagi, wala haitulii utumboni. Inazurura mwilini, na ugonjwa unaoletwa na kuzurura huko ndio toksokariasisi.

Tuanze na mayai, maana hapo ndipo penye siri yote. Mnyoo jike mmoja unaweza kutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, nayo hutoka na kinyesi cha mnyama. Watu wengi huogopa kinyesi kibichi. Kinachukiza, sawa, lakini hakikuambukizi toksokara, kwa sababu yai likitoka bado halina kinyoo ndani. Linahitaji kukaa ardhini wiki mbili hadi nne hivi, penye joto na unyevu, ndipo kinyoo kichanga kiumbike ndani ya ganda. Kufikia hapo kinyesi kimeshasambaratishwa na mvua, hakionekani wala hakinuki, na wazazi wanaona uwanja ni safi kabisa. Mayai yamebaki kwenye udongo, na yanaweza kudumu humo kwa miaka. Ganda lake ni nene kiasi kwamba dawa nyingi za kusafishia sakafu na choo haziliwezi. Kinachoyamaliza ni ukavu, jua kali linaloyapiga moja kwa moja, na moto.

Kwa hiyo adui mkubwa ni udongo kuliko mbwa mwenyewe. Mayai huweza kunasa kwenye manyoya, hasa ya watoto wa mbwa, lakini watoto wengi hupata toksokara kwa kutia mdomoni vidole vyenye mchanga, au kwa kula udongo wenyewe kama wafanyavyo wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Wengine hula mboga zilizootea kwenye bustani iliyochafuliwa na hazikuoshwa vizuri.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwetu pwani kuna anayejiona yuko salama kwa vile mbwa hakanyagi uani kwake. Na paka je? Paka yuko jikoni, yuko barazani, yuko kila mahali, na tabia yake ni kutafuta mchanga laini, achimbe, ajisaidie, afukie. Mchanga laini kuliko wote mtaani ni ule wa ujenzi uliomwagwa mbele ya nyumba ambayo haijaisha. Jioni ndio uwanja wa michezo wa watoto. Usiku ni choo cha paka. Ukikaa hapo miezi ukisubiri fedha za fundi, mayai ya mwanzo yameshaiva.

Kwa upande wa wanyama, wa kuangaliwa zaidi ni wachanga. Ndani ya mbwa jike mtu mzima kuna vinyoo vilivyolala kwenye misuli bila kumdhuru. Akibeba mimba vinaamka, vinapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto kabla hawajazaliwa. Ndiyo maana karibu kila mtoto wa mbwa ambaye mama yake hakupewa dawa huzaliwa nayo, na akifika wiki tatu hivi anaanza kumwaga mayai. Kwa paka njia hiyo ya kondo haipo, ila vinyoo hupita kwenye maziwa ya mama.

Sasa mtu akimeza yai lililoiva. Ganda linafunguka utumboni na kinyoo kisichofika hata nusu milimita kinatoka. Kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu, kinafika kwenye ini, mapafu, pengine ubongo au jicho. Walio wengi hawasikii chochote, mwili unavizingira na kuvizima taratibu. Mtoto aliyemeza mengi anaweza kupata homa za mara kwa mara, kikohozi na kukorota kifuani kama pumu, tumbo kuuma, ini kuvimba. Dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine kumi, kwa hiyo ni rahisi ugonjwa huu kupita bila kutajwa na mtu yeyote.

Sayansi yenyewe ilichelewa kuujua. Mwaka 1950 mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Helenor Campbell Wilder, alichunguza macho 46 ya watoto yaliyokuwa yameng'olewa, mengi yakidhaniwa kuwa na saratani ya jicho. Katika macho 24 alikuta vinyoo au mabaki yake. Miaka miwili baadaye Paul Beaver na wenzake, huko New Orleans, walieleza kisa cha watoto watatu wenye ini lililovimba, wakaonyesha kwamba chanzo ni vinyoo vya toksokara vinavyozurura. Jicho la mtoto kung'olewa kwa saratani ambayo haikuwepo: sidhani kama kuna sababu kubwa zaidi ya kuujua ugonjwa huu.

Hilo la jicho huwa la upande mmoja, na kinyoo kimoja tu kinatosha. Kinaacha kovu kwenye retina, yaani utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, na uoni unapungua kidogo kidogo bila maumivu makali. Mtoto mdogo hasemi, kwa kuwa jicho la pili linamtosha. Mzazi huona makengeza yaliyoanza ghafla, au weupe ndani ya mboni, au mwalimu analalamika kwamba haoni ubaoni. Anayefaa hapo ni daktari wa macho, tena mapema.

Kipimo cha choo hakisaidii. Kwa kuwa mnyoo haukomai ndani ya mtu, hakuna mayai ya kuonekana kwa darubini, na jibu la kwamba hakuna minyoo halina maana yoyote kwa toksokara. Picha kamili ya damu inaweza kuonyesha chembe nyeupe aina ya eosinofili zimepanda sana, na hapo daktari huagiza kipimo cha kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huunda kupambana na mnyoo huu. Nacho kina mipaka: kingamwili hukaa mwilini kwa miaka, hivyo mtu anaweza kuonekana nazo ilhali maambukizi yalikwisha zamani.

Tiba ya kawaida ni albendazoli, miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Kidonge kimoja kinachogawiwa shuleni kimekusudiwa minyoo iliyo utumboni, kwa hiyo mzazi asikitegemee kwa hili. Macho yana matibabu yake, mara nyingi dawa za kutuliza uvimbe na wakati mwingine upasuaji.

Wajawazito huambiwa wajihadhari na paka kwa sababu ya toksoplasma. Majina yanakaribiana, lakini hicho ni kijidudu cha chembe moja, wala si mnyoo.

Kinga inaanzia kwa bwana mifugo. Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wafike wiki nane, kisha kila mwezi mpaka nusu mwaka, na mama yao apewe pamoja nao. Watoto wa paka huanza wiki ya tatu. Kinyesi cha uani kizolewe kila siku kikafukiwe mbali au kitupwe chooni, ili mayai yasipate zile wiki za kuivia. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka; sabuni haiui yai, inaling'oa tu likaondoka na maji. Paka wa mtaani hana wa kumnunulia dawa, kwa hiyo huo mchanga wa ujenzi ufunikwe turubai kila jioni, kingo zake zikandamizwe kwa matofali.