Kumuombea Usiyemjua: Jina la Mama la Nini?

"Ustadhi, huyo mgonjwa anaitwa nani, na mamake nani?" Kila tukitangaza msikitini kwamba kuna mtu yuko hoi hospitali aombewe dua, swali ni hilo. Asiyepata jibu hunyamaza, akiamini dua isiyo na jina haifiki. Limenichosha.

Jina la mtu na la mamake ni masharti ya wapiga ramli, wanaohesabu herufi watafute nyota. Dua inakwenda kwa Allah, aliyemuumba mgonjwa na mamake. Wala ushahidi hauko mbali. Ukikaa tahiyatu, kile kikao cha ndani ya swala, unasema, "Assalaamu alaynaa wa alaa ibaadillahis swaalihiin," yaani amani iwe juu yetu na juu ya waja wema wa Allah. Katika hadithi ya swahaba Ibn Mas'ud, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba maneno hayo humfikia kila mja mwema wa mbinguni na ardhini. Katika swala tano za faradhi unayasema mara 9 kwa siku. Ulimuuliza nani jina? Na kwenye swala ya jeneza je? Tunawaombea maghufira walio hai na waliokufa, waliohudhuria na wasiokuwepo. Nabii Nuhu naye, Sura ya 71 aya ya 28, aliwaombea waumini wanaume na wanawake kwa jumla yao. Basi ukisikia redioni gari limepinduka, omba papo hapo: "Ya Allah, wahurumie majeruhi wale." Inatosha. Mimi huwahimiza watu waziweke dua hizi kati ya adhana na ikama, ule wito wa kusimama kuswali, wakati ambao imepokewa kwamba dua hairudishwi, nasi tunaupoteza kwa simu.

Wengine huchelea kwamba wakiwaombea watu baki, fungu lao litapungua. Hadithi ya Abu Dardaa katika Muslim inasema kinyume: ukimuombea nduguyo naye hayupo, malaika husema, "Amin, nawe upate mfano wake." Na kwa kuwa hayupo, hakuna sharti la kumjulisha.

Kiarabu? Nje ya swala, omba kwa Kiswahili chako.

Asiye Mwislamu? Mtume alipoletewa habari kwamba kabila la Daus limeasi na kuukataa Uislamu, akatakiwa awaapize, aliomba: "Ewe Allah, waongoze Daus na uwalete." Kwa hiyo Mkristo anayelala kitanda cha pili wodini, muombee uongofu, na umuombee apone.